Kidole cha Korosho

Kila mwezi, asubuhi mapema watu wakiwa wanaoga, nakwenda kuchota maji machafu kwenye mfereji unaopita nyuma ya soko la Mingoyo. Wauza samaki hunitania, "Mama afya, leo unapika nini?" Nawajibu nawapikia wao. Maji yale nayaweka kwenye kasha lenye barafu, yanapelekwa maabara Dar kutafutwa kirusi cha polio, maana mtoto hukitoa chooni hata kabla hajaonekana mgonjwa.

Msimu mmoja wa korosho nikapigiwa simu: majini kuna kirusi, bado hawajajua ni kipi, nisubiri. Kusubiri mimi sikuumbiwa.

Kesho yake binti yangu akaja kutoka shambani Nyangamara, mjukuu wangu wa miaka mitatu mgongoni. Ana homa, na mguu wa kushoto haukanyagi.

"Si alipata matone huyu?" nikauliza. Wiki ya chanjo nilipita mwenyewe kwenye vibanda vyao vya shambani, nikaona ukucha wa kidole chake cha mwisho mweusi, kama tunavyowapaka wino waliokwisha kuchanjwa. Nikaweka tiki daftarini, nikaenda zangu.

"Mama, ule haukuwa wino. Ni mafuta ya maganda ya korosho, alikuwa anayachezea tukibangua. Wewe hukuuliza."

Mimi, ninayewagombeza wenzangu kila siku kwa kutokuuliza. Nililia njia nzima hadi zahanati. Nilishamwona mjukuu wangu akitembelea fimbo maisha yake yote, na fimbo yenyewe nimemchongea mimi.

"Shikamoo mama," mganga akaniamkia. Sikuitika. Akampapasa mtoto kinenani, kisha akamgeuza unyayo. "Huyu ana mtoki tu, mama. Mwiba huu hapa, umeshatunga usaha."

Kweli mganga hajigangi. Natafuta kirusi kisichoonekana kwa macho, mwiba umenishinda. Nikasema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka, ndipo nikakumbuka, "Marahaba, mwanangu." Akacheka sana.

Homa iliposhuka nikampa mtoto matone kwa mkono wangu. Tiki yangu ya zamani nikaikata kwa kalamu nyekundu, nikabeba kasha la chanjo nikarudi naye na mama yake shambani. Mtoto alitangulia mbio, anachechemea kidogo.

Simu ikanikuta huko huko vibandani. Kirusi cha majini kimejulikana: si cha polio. Nikakaa chini juu ya maganda ya korosho, nikacheka peke yangu.

"Basi, mama, pumzika sasa," binti yangu akasema.

Nikamwambia aniletee mtoto anayefuata. Watoto wa vibandani walikuwa wamejipanga mbele yangu, na kila mmoja, kabla sijampaka wino, alikuwa na kidole cheusi.