Nilimkaririsha bondia wangu herufi za daktari wa macho, akapita

Wakuu, salamu kutoka Kakamega.

Wanaonijua humu wananijua kwa kubishania bei ya viatu vya mitumba. Leo sina mali ya kuuza. Nina jambo nimelibeba karibu mwaka mzima, na kila nikilihesabu upya linatoka vile vile: kosa ni langu. Jina la jamaa nimebadilisha. Mengine yote yalitokea.

Jamaa tumwite Lumbasi.

Alikuja kwa meza yangu sokoni akitafuta saizi arobaini na saba. Nikamwambia asubiri bale lijalo. Akasema ashasubiri mabale matatu na anaanza kuamini mguu wake ndio una makosa. Alikuwa anabeba simiti kwa duka la hardware, mifuko miwili kwa mpigo, pale wenzake wanabeba mmoja na kulalamika.

Jioni alikuwa anafanya ngumi kwa ukumbi mmoja Shieywe. Nikaenda kuona. Gunia la kupigia lilikuwa limebonyea katikati kama mtu mwenye njaa. Kesho yake nikaleta mitumba iliyonishinda, zile nguo hata mimi sina uongo wa kuzisifu, tukalijaza.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka manager wake. Sijawahi kuvaa glavu maishani. Lakini ukitoa ngumi zenyewe, ndondi ni kubishana tu, na hapo mimi ni wa uzito wa juu.

Shida ya uzito wa juu ni mpinzani. Huku kwetu watu wa kilo za Lumbasi ni wachungaji na wanasiasa, na hao hawapigani kwa mikono. Sparring, zile ngumi za mazoezi, alifanya na mabondia wawili wa uzito wa kati wakipokezana, mmoja akichoka mwingine anaingia.

Miaka minne, mapambano nane. Ameshinda saba, sare moja. Bondia mwepesi angekuwa ashapigana ishirini. Kwa hivyo pambano likija, linakuja kama mvua ya Januari. Huulizi imetoka wapi.

Ndipo promota wa Nairobi akanipigia. Kuna Mganda, mrefu, hajapoteza. Raundi kumi. Mshindi anapelekwa nje ya nchi kwa kambi ya mazoezi, na huko kuna mapambano ya kweli. Lumbasi alikuwa anafika miaka thelathini. Hiyo nafasi haikuwa inarudi.

Nilibishana na yule promota mwezi mzima. Nikatoa raundi kumi hadi nane. Nikabishania tarehe, glavu, hata kona tutakayokaa. Nilijisikia mkubwa sana, wakuu. Mkumbuke hilo tukiendelea.

Wiki sita kabla ya pambano, kwenye sparring, kidole gumba cha glavu kikamwingia Lumbasi jicho la kushoto. Kitu cha kawaida. Akakaa kwa benchi, akaanza kupunga mkono mbele ya uso.

"Mkubwa, kuna nzi."

"Wapi?"

"Kwa jicho. Nikiangalia huku wanahama na mimi."

Nikanunua dawa ya matone.

Baada ya wiki moja akaniambia nzi wamepungua, lakini sasa kuna kitu kama pazia. Kinashuka upande wa kushoto.

"Unaniona?" nikamuuliza.

"Nakuona nusu."

"Nusu gani?"

"Ile mbaya."

Tulicheka, wakuu. Mimi na yeye, tulicheka.

Kisha akasema anataka kwenda hospitali ya hapa mjini wamwangalie. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: wakiangalia wataandika, na wakiandika hakuna pambano. Nipe wiki tano. Tukimaliza Nairobi nitakupeleka kwa daktari yeyote unayetaka.

Akafikiria kidogo. "Sawa. Wewe unajuanga hizi vitu."

Sikuwa najua. Nilikuwa najua viatu.

Wale wa mbali niwaeleze kitu. Huku kwetu tunapiganisha mafahali. Na fahali akipata jicho bovu, mwenyewe hamleti uwanjani, hata watu wamzomee, kwa sababu mnyama hawezi kujikinga na pembe asiyoiona. Hili nalijua tangu nikiwa mdogo. Kwa mtu sikulitumia.

Tukafika Nairobi siku ya medical ikiwa kesho yake. Nikaenda mapema kuulizia mlango wa daktari. Chumba kilikuwa wazi, hakuna mtu, na ukutani kuna lile bango la herufi, kubwa juu, zikiendelea kuwa ndogo kuteremka. Nikapiga picha na simu.

Mistari minane. Herufi thelathini na sita. Nilizihesabu mara mbili.

Mchana wote kwa lodging nilimkaririsha kama mtoto wa madrasa. Alikuwa na kichwa kizuri, watu wanadhani wanaume wakubwa hawana. Kufikia chai ya saa kumi alikuwa anazisema akiwa amefumba macho yote mawili. Nikapiga makofi.

Asubuhi daktari akampa kijikaratasi afunike jicho la kulia. Akaanza kuonyesha kwa kalamu. Lumbasi akasoma moja kwa moja bila kusita, sauti ya kanisani.

Daktari akashusha kalamu.

"Mimi nimesimama mstari wa sita," akasema. "Wewe umefika wa saba."

Akasogea karibu na uso wake.

"Hili jicho liko sawa?"

Lumbasi akanigeukia mimi, na ilibidi ageuze kichwa chote ili anipate.

"Liko sawa, daktari," nikasema. "Ni hamu ya kumaliza tu."

Daktari akaniangalia. "Nimeuliza, liko sawa?"

Hapa ndipo huwa narudi kila siku. Kwa kazi yangu, mtu akikuuliza bei mara ya pili anakupa nafasi ya kushuka. Naijua ile sauti. Nimeisikia maelfu ya mara. Yule daktari alikuwa ananipa nafasi, foleni ikiwa nje ya mlango, na angetosheka na neno moja.

"Liko sawa," nikasema.

Akasaini.

Pambano sitalirefusha. Raundi tatu za kwanza zilikuwa zetu, safi. Ya nne, Lumbasi akaanza kupinda shingo kushoto kama kuku anayeangalia punje. Watu wa kona ile nyingine si wajinga. Walinong'ona kidogo, na tangu hapo Mganda akawa anazunguka upande ule ule, anarusha mkono wa kulia, mkono wa kulia, mkono wa kulia. Nilihesabu kumi na tisa kwa raundi moja. Kumi na sita ziliingia.

Ya sita Lumbasi akaanguka. Refa akahesabu, na alipofika nane jamaa akainuka.

Kwa kona nikamwinulia vidole. "Vingapi?"

"Lete huku kwingine," akasema, "nikuambie."

Taulo ilikuwa begani mwangu. Mkufunzi wetu, mzee mpole, akanyoosha mkono aichukue airushe ulingoni, pambano lisimame. Nikaishika.

"Raundi mbili tu zimebaki," nikamwambia. Nilikuwa bado nahesabu.

Refa alisimamisha pambano dakika ya kwanza ya raundi ya saba. Mtu ambaye hakumjua Lumbasi alimhurumia kabla yangu.

Kwa hospitali ya macho wakatueleza kwamba ile ngozi ya ndani, nyuma ya jicho, ilianza kubanduka kipande, na sasa imebanduka yote. Daktari akauliza pazia lilianza lini. Nikasema kama wiki mbili hivi.

"Wiki tano," Lumbasi akasema.

Daktari akasema angeletwa wiki ile ya kwanza, kulikuwa na matumaini makubwa ya kulishika lisiende.

Wakamfanyia upasuaji hata hivyo. Sasa lile jicho linajua mchana na giza, basi. Leseni haiko. Mapambano tisa, ndiyo career yote. Amerudi kwa simiti, na anabeba mfuko mmoja mmoja, kwa sababu ngazi za lori huwa anazikosa.

Mwezi uliopita mama yake akaniita kwake Lurambi. Nilienda nikiwa nimejitayarisha kutukanwa.

Nikapata amechinja kuku. Obusuma, yaani ugali, mboga, kila kitu. Halafu akaniwekea imondo, lile firigisi la kuku. Msiojua, huku kwetu hiyo haipewi mtu yeyote. Inapewa mwanamume anayeheshimiwa katika ile nyumba.

"Kula, mwanangu," akaniambia. "Wengine walimtoroka alipoumia. Wewe ulimshika mkono mpaka hospitali."

Nikamtazama Lumbasi. Alikuwa anatafuta chumvi kwa kupapasa meza, na ilikuwa pale pale kushoto kwake. Mama akaisukuma taratibu ikagusa vidole vyake, bila kusema kitu.

Nikakula ile imondo. Nimekula vitu vingi vigumu maishani, ile ndiyo imekataa kushuka.

Lumbasi akinisindikiza barabarani, nikamwambia ni lazima mama ajue kuhusu bango na kuhusu wiki tano.

"Usimwambie," akasema. "Anakuombeanga kila asubuhi. Ataacha."

Nikamuuliza kama yeye amenisamehe.

"Mkubwa," akasema, "mimi pia nilikuwa nataka kwenda nje." Akarudi zake.

Funzo, kwa wenye kusimamia wanamichezo humu: mtu wako akikuambia anaona nzi ambao wewe huwaoni, usitafute nzi. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na kama ni pambano, liende. Mimi nilijua kubishana na kila mtu isipokuwa yule niliyepaswa kumsikiliza.

Mama ameniita tena Jumapili hii. Nimeamua nitaongea kabla chakula hakijafika mezani, Lumbasi akiwepo, akasirike akitaka.

Kama kuna aliyewahi kukaa mbele ya mzazi na kusema kitu kama hiki, aniambie alianza na neno gani. Matusi pia nitayasoma yote.