Blauzi Nyeupe Mbele ya Kioo

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, nilipovaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri ili niende kumpiga picha kima. Cheka tu. Mimi pia ninacheka leo, lakini siku zile nililia.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mjomba wangu alikuwa mpiga picha wa sikukuu za kanisa hapa Murara: ubatizo, komunyo ya kwanza, ndoa. Nilikuwa ndiyo kwanza ninajifunza kazi kwake, na sheria zake zilikuwa tatu. Mpiga picha avae nyeupe kama waalikwa, awashe flashi kila mara, na apige makofi watu wakisahau kutabasamu. Nilizishika kama katekisimu.

Basi mjomba akaugua, na kazi ikaja kutoka kwa Mama Kavira, mjane mmoja wa Kibati, mzaliwa wa Butembo. Huyo mama alitunza nyumbani kwake wanyama walionyang'anywa kutoka kwa wachuuzi. Wakati ule alikuwa na kima mdogo wa kike aliyekutwa amefungwa kamba ndani ya mashua pale Kituku, bandari yetu ya ziwani. Alimwita Furaha, ingawa sijawahi kuona kiumbe mwenye huzuni kama yule. Alimweka katika chumba chenye kioo kikubwa upande mmoja badala ya ukuta, ili vikohozi vyetu visimfikie, na dirisha alilifunika kwa gunia maana mwanga mkali ulimtetemesha.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na watu wanaofuga kundi la kima wa aina yake. Walikuwa tayari kumpokea, ila walitaka kwanza picha: uso wake uonekane, na aonekane akila kwa mkono wake. Picha ilitakiwa kwenda na mashua ya Jumamosi, la sivyo nafasi angepewa mnyama mwingine. "Huyu akibaki peke yake, atakufa," Mama Kavira aliniambia. Halafu akatoka kuchota maji.

Sasa nione mimi! Badala ya kumsubiri, nikasimama mbele ya kioo na aparei, kamera ya mjomba, kama niko mbele ya altare. Nikapiga makofi. Nikagonga kioo kwa pete. "Furaha, angalia hapa! Cheka kidogo!" Flashi, flashi, flashi, mpaka filimu yote ikaisha. Kima aliangusha ndizi yake, akakimbilia kona, akajifunika uso kwa mikono miwili. Nilimwona, mwanangu, siwezi kusema sikumwona. Nikadhani ni haya, kama ya watoto wa ubatizo.

Picha ziliposafishwa, mjomba alizipanga juu ya kitanda chake. Kila moja ilikuwa na mwali mweupe katikati, na kuuzunguka mwali ni blauzi yangu, vifungo vyote vikihesabika. Katika moja tu, karibu na kola, palionekana sikio la kima.

"Kumbe ulienda kujipiga foto weye mwenyewe!" Mjomba alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kisha akaniuliza kama yule mnyama alikuwa amekula. Nikasema sijui. Uso wake ulibadilika. "Ndani ya aparei nimeweka filimu iliyobaki na foto sita. Rudi kule. Uombe musamaha kwanza."

Ilikuwa Ijumaa. Mama Kavira alinipokea mlangoni bila kelele, na afadhali angenifokea.

"Siku mbili hajagusa ndizi," alisema. "Weye ulikuja hapa kumuamuru acheke. Huyu ni mutoto wa komunyo? Mbele ya kumupiga foto, ulimuangalia?"

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Basi, kaa chini. Ile aparei uiache kwa mulango."

Nikakaa sakafuni. Mwanzoni nilikaa kwa aibu tu, baadaye nikaanza kukaa kwa hamu ya kujua. Kwa nini katika kioo kile nilijiona mimi kuliko nilivyomwona yeye? Nikasogea kushoto, uso wangu ukasogea nami. Nikageuka, nikaona taa ya mafuta inayowaka nyuma yangu. Nikaomba ruhusa, nikaizima. Lo! Uso wangu ukafifia, na kule ndani likatokea umbo dogo, na macho mawili yakinitazama. Kumbe muda wote alikuwa ananitazama.

Blauzi tu ndiyo ilibaki ikielea kwenye kioo kama nguo kwenye kamba. Mama Kavira akaguna, akanitupia kitenge chake cha buluu nzito. Nikajifunika mpaka shingoni na blauzi ikapotea.

Tulikaa hivyo, mimi na Mama Kavira, asubuhi nzima. Nilianza kumjua Furaha. Nikajua anajikuna sikio kabla ya kusogea, na anaogopa mikono inayokwenda haraka lakini sauti ya chini haimsumbui. Mama Kavira alisali rozari polepole, na kima akawa anasogea kidogo kidogo kuelekea kwenye ndizi. Ndipo nikaenda kuchukua aparei. Nilizima flashi. Nikafuta kioo kwa pindo la kitenge, nikagusisha lensi kwenye kioo chenyewe pasibaki nafasi. Tundu la lensi nililifungua mpaka mwisho ili mwanga ule mdogo uliopenya gunia la dirishani uingie wote. Kwa kuwa picha ya gizani huchukua muda mrefu na mkono ukitikisika inaharibika, niliegemeza viwiko magotini na kubana pumzi.

Foto mbili nilizipoteza kwa kutetemeka. Nilipopiga ya tatu, alijikuna sikio. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua ndizi, akaanza kuimenya kwa meno huku ananitazama. Mama Kavira alishika mdomo. Nikapiga ya nne, ya tano, na ya sita.

Mashua ya Jumamosi iliondoka na ile ya tano. Mkono wenye ndizi ulitoka na ukungu kidogo, lakini jicho lilikuwa safi kabisa. Wiki iliyofuata walikuja kumchukua Furaha, na mjomba akaniambia nisiende na aparei, niende tu kumuaga. Nikaenda. Nililia mbele ya watu wote pale Kituku.

Nakala ya picha ile ndiyo ile uliyoikuta ukutani kwangu. Niliitafuta sana blauzi yangu ndani yake, sikuiona mahali popote. Hakuna picha niliyoipenda kuliko ile.

Kwa hiyo, mwanangu, ukija tena kunionyesha kwenye simu yako picha ya samaki wa tangi la kioo, aliyefunikwa na mwali wa flashi, sitakucheka sana. Nitakuambia hivi: zima taa iliyo upande wako, vaa nguo ya rangi nzito, sogea mpaka lensi iguse kioo, na usikigonge kamwe. Kabla ya hayo yote, kaa chini umtazame unayetaka kumpiga picha, mnyama au mtu, mpaka akuzoee. Na kama ulimtisha, urudi ukaombe msamaha, hata kama hajui maneno.

Mungu akupe mikono iliyotulia na macho yasiyo na haraka. Na wale utakaowatazama, wakila wasiache kula kwa sababu yako.