Sikio la Kondoo

Wifi yangu Saykal alisomea rushwa za mahakimu kama wengine wanavyosomea magonjwa ya mifugo. Miaka kumi na saba anafundisha chuo kikuu Bishkek, mji mkuu wetu, na hapa kijijini hakuna aliyejua anafundisha nini, mpaka redio na magazeti ya nje yalipoanza kumpigia simu. Hapo tukawa na profesa. Hata waliokuwa wakimwita mgumba wakaanza kumwamkia.

Mwezi huohuo mume wangu Bakas, ambaye ni mdogo wake, alikuwa rumande. Gari la mtoto wa mkubwa mmoja lilimuua mchunga kondoo barabarani, kosa akabandikwa Bakas aliyesimama kusaidia. Kesi ilikuwa kwa hakimu Toktosun.

Baba mkwe hakuomba ushauri wa mtu. Alimpelekea hakimu farasi jike, kisha akamwalika chakula siku ileile aliyokuja Saykal na mpiga picha wa gazeti la Ulaya, aliyetaka kumwona msomi nyumbani kwao.

"Aone na sisi tuna mtu," alisema mzee.

Saykal alipomkuta Toktosun amekaa mahali pa heshima, kichwa cha kondoo mbele yake, aligeuka atoke. Nikamshika mkono mlangoni.

"Wifi, kaa."

"Wewe unajua mimi naandika nini?"

"Najua. Na mume wangu analala kwenye sementi. Utaandika kesho."

Akakaa. Sioni haya kusema nilimlazimisha.

Hakimu akakata sikio la kondoo, ambalo kwetu hupewa mdogo ili awasikilize wakubwa, akamnyooshea.

"Kula, binti yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Au maprofesa hawali?"

Watu wakacheka. Saykal akafungua kinywa, akalishwa. Mpiga picha, ambaye hakujua lugha wala watu, aliona ni mzee anampenda mwanawe. Akapiga.

Wiki iliyofuata picha hiyo ilijaa kwenye simu zetu zote. Chini yake waliandika: mtaalamu wa rushwa mahakamani akilishwa na mzee wa ukoo wake. Bishkek walimjua huyo mzee ni nani. Wanafunzi wa Saykal wakamchora ubaoni, sikio mdomoni. Toktosun naye akaanza kuhofia kiti chake.

Jumatatu farasi akarudishwa. Baba mkwe alipomwona langoni alikaa chini, palepale kwenye matope. Alhamisi Bakas alipewa miaka saba, na hakimu aliisoma hukumu kwa sauti kubwa, asije mtu akasema amekula kwetu.

Tulikuwa bado uani mwa mahakama gazeti lile lilipompigia Saykal. Walitaka maoni yake kuhusu hukumu. Akawajibu kwa lugha yao, maneno machache, akakata simu.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Ukweli, wifi. Kwamba safari hii hakimu hakuchukua kitu."