Waliolala Kwetu Ipuli

Karani wa sensa alipofika nyumbani kwetu Ipuli, hapa Tabora, mama yangu alimwambia kwamba usiku wa kuamkia siku ile tulilala watu wanne. Tulikuwa wawili, yeye na mimi.

Karani alikuwa binti wa Kigogo, amekaa kwenye kigoda, kishikwambi magotini. Yeye na mama walikuwa wameanza utani tangu salamu. Mama aliitikia marahaba, kisha akasema, "Ninyi Wagogo mliwatoza babu zetu hongo walipopita kwenu na mizigo kwenda pwani. Sasa mmetufuata mpaka majumbani kutuhesabu." Binti akamjibu kuwa hongo yenyewe haijaisha, na safari hii ataondoka na jogoo. Halafu akarudi kwenye swali lake.

"Wanne, bibi? Mbona nawaona wawili?"

"Wengine wako huko uani, mlangoni."

"Ni akina nani?"

"Mmoja ni babu yangu, mzaa mama. Mwingine simjui. Huja naye."

"Babu ana umri gani?"

"Mjukuu wangu, mama yangu mwenyewe hakuikumbuka sura yake. Huo umri nitautoa wapi mimi?"

Binti akanitazama. Nikamwonyesha vidole viwili, naye akaandika. Mama akacheka, sote tukacheka. Lakini mimi nilijua kwamba mama hakuwa anatania.

Babu huyo alikuwa mtu wa Ayalandi. Alikuja Bukene reli ya kwenda Mwanza ilipokuwa inajengwa, akiwasimamia vibarua, na hapo akazaa na mwanamke wa Kinyamwezi mtoto mmoja wa kike. Mtoto huyo ndiye bibi yangu, mama yake mama. Alipoanza kutembea, kazi ya reli ilikuwa imesonga mbele, na baba yake akasonga nayo. Baadaye ikasemekana ameteremka kwenda pwani. Hakurudi tena. Watu wa Tabora hawashangazwi na habari kama hiyo. Mji wenyewe ulikua kwa miguu ya wapitaji, wa kwenda Ujiji na wa kurudi pwani, na kila msafara uliacha watu wake nyuma.

Mama ni Mkatoliki wa kila Jumapili. Pia hutambika, na hajawahi kuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Baada ya mavuno, kunapopambazuka, hukoroga unga wa mtama katika maji, akaumwaga uani kutoka kwenye chungu kidogo, huku akiwaita wazee wetu waliotangulia. Kila mmoja huitwa kwa jina lake, jina la baba yake na mahali alikotoka. Babu wa Bukene alikuwa na jina la utani tu, walilompa vibarua wake. Baba yake hatukumjua, wala kijiji chake. Kwa hiyo mama humwita kwa jina hilo la utani, kisha huuacha wazi mlango wa uani.

"Haingii," aliniambia nilipokuwa mdogo. "Anasimama pale kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Na nyuma yake kuna mtu."

Nilikua nikiupita mlango ule haraka. Mtu mzima anaweza kujiambia kuwa hayo ni mawazo ya wazee, na mimi nilijiambia hivyo miaka mingi. Tatizo langu lilikuwa mbwa. Tumefuga mbwa kadhaa pale, na kila mmoja, asubuhi ya tambiko, aliinua kichwa kuelekea mlangoni, akatazama juu kidogo, kisha akashusha macho akatazama chini kidogo. Ndivyo mbwa anavyowatazama watu wawili walioongozana, mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Mwaka ule wa sensa moyo wa mama ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, akawa anapumzika hata akitoka jikoni kwenda uani. Jioni moja akaniambia, "Nikiondoka, tambiko ni lako. Sitaki nikuachie mtu amesimama mlangoni. Mtafute nimwite vizuri kabla sijaenda."

Basi nikaanza kutafuta. Kama na wewe una mtu wako aliyepotea namna hii, nikutie moyo: kazi yenyewe si ngumu kama inavyoonekana, ila haitaki haraka. Anza na walio hai, uwaulize jambo moja kwa siku. Kisha nenda mahali mtoto alipobatizwa, maana wamisionari waliandika sana. Nilikwenda parokiani, paroko akanifungulia daftari la zamani la ubatizo na kunisomea Kilatini chake. Kumbe baba alikuja mwenyewe siku ile, amembeba mtoto. Padri wa wakati huo aliandika jina lake kamili na parokia aliyotoka huko Ayalandi. Aliandika pia jina alilopewa mtoto. Jina hilo la bibi nililijua tangu utoto wangu, sikulitilia maanani.

Huko Ayalandi karatasi za sensa za zamani zimewekwa kwenye mtandao, mtu yeyote anazisoma bure. Nilizisoma kwenye simu, saa za mapumziko kazini kwangu Isikizya. Mwenye nyumba alijaza karatasi kwa mkono wake, na swali aliloulizwa ni lile lile la binti wa Kigogo: ni nani waliolala humu usiku ule. Sikutegemea kwamba jambo hilo lingenigusa. Ni majina tu ya watu waliolala, pamoja na umri na dini zao, na wino ambao mahali pengine umemwagika kidogo.

Katika parokia ile nilikuta nyumba mbili zenye mvulana wa jina la babu, na umri wao ulikuwa mmoja. Nyumba ya kwanza, baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Nikasema, huyu ndiye, mtoto wa reli atakwenda kwenye reli. Nilimpenda mzee yule, nikamzoea mpaka mwandiko wake. Mama akatambika akimtaja mzee huyo kuwa baba wa babu, na mlango akauacha wazi kama kawaida. Asubuhi ya pili nilimkuta amekaa kitandani.

"Siye," alisema. "Bado wako nje, wote wawili."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba majina yakifanana, ni lazima utafute kitu cha pili cha kushikilia. Kitu changu cha pili kilikuwa jina la bibi. Katika ukoo wa Bukene hakuna mzee aliyewahi kuitwa hivyo. Siku zote nilidhani ni padri aliyelichagua. Nikarudi kwenye nyumba ya pili, ya mkulima mwenye ng'ombe wachache. Mvulana wa miaka mitatu alikuwepo. Mstari uliofuata aliandikwa msichana, naye wa miaka mitatu, na jina lake lilikuwa la bibi yangu.

Nikafungua sensa iliyofuata, ya miaka kumi baadaye. Mvulana alikuwepo, amekuwa mkubwa. Msichana hakuwepo. Safari hii karatasi ilimuuliza mama mwenye nyumba amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Hesabu ya pili ilipungua kwa mmoja.

Nilimkuta mama ukumbini, anamenya karanga. Nilimsomea polepole, majina yote, na umri.

"Rudia hao wa miaka mitatu," alisema.

Nikarudia. Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Mapacha."

Katika ukoo wetu mapacha hawaitwi mmoja mmoja. Ukimpa huyu, unampa na yule. Mmoja akiondoka hatuangui kilio, wala hatusemi amekufa. Tunasema amerudi, na sehemu yake inaendelea kutengwa kwa chungu chake mwenyewe. Ukimwita mmoja peke yake unamweka pabaya, maana hawezi kuja na kumwacha mwenzake, wala mwenzake hawezi kuingia asikoitwa.

"Miaka yote hiyo," mama alisema, "chungu kimoja."

"Hatukujua, mama."

"Sisi hatukujua. Yeye alijua ni nani aliye nyuma yake. Ndiyo maana alimpa mama yangu jina hilo." Akachukua karanga moja, akaishika tu. "Alirudi akiwa na umri gani, huyo msichana?"

"Karatasi haisemi. Kati ya miaka mitatu na kumi na mitatu."

"Mtoto, basi. Mfupi."

Nikakaa nikamsaidia kumenya karanga mpaka zikaisha.

Nilinunua sokoni vyungu viwili vidogo, vinavyolingana. Asubuhi, kabla jua halijatoka, mama alisimama uani, nami nikamshika kiwiko. Aliongea Kinyamwezi, na katikati yake akaweka yale majina ya mbali kama ulimi wake ulivyoweza: la babu, la pacha wake, la baba yao na la mahali pao. Aliwaomba radhi kwa kuwachelewesha. Kisha akamimina vyungu vyote kwa pamoja, kimoja kila mkono.

Mbwa aliinua kichwa. Akatazama mlangoni, juu kidogo, kisha chini kidogo. Halafu akageuza shingo taratibu, kama anayemfuata mtu kwa macho, mpaka akawa anatazama ndani ya nyumba.

Mama akavuta pumzi. "Sasa funga mlango," akaniambia.

Nilikwenda nikashika komeo. Sikuufunga mara moja. Nilisubiri kidogo, kama unavyosubiri mtu mzima akishaingia na mtoto bado anakuja nyuma yake kwa miguu mifupi. Ndipo nikaufunga.