Kompyuta Iliyokataa Kuzimika

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda: chumba kimoja, printa moja, kompyuta moja. Mwenye ofisi ni mwanamke ambaye madereva wote humwita Mama. Alikuwa ameniahidi kwamba akiridhika nami, ningebaki.

Shida ilikuwa kompyuta. Kila jioni nikiizima, vidoti vilizunguka kwenye kioo chini ya maneno kwamba inazimika, na haikuzimika. Nilipomwambia Mama, alinitazama kidogo.

"Kabla uje ilikuwa inazima."

Sikulala vizuri kwa sababu ya sentensi hiyo. Nilitafuta virusi, nikaondoa programu, nikabadilisha mipangilio ya umeme. Nikaanza kujiuliza kama ni namna ninavyobonyeza.

Asubuhi moja mfumo wa forodha uliganda nikiwa katikati ya stakabadhi za lori la vigae. Ilibidi kuzima na kuwasha upya. Vidoti vikaanza kuzunguka. Ningeweza kushikilia kitufe mpaka ife, lakini mara ya mwisho nilipofanya hivyo ilijikagua karibu asubuhi nzima kabla ya kufunguka. Kwa hiyo nilingoja, huku mkono ukiwa juu ya kitufe.

Dereva wa lile lori alikuwa ameegemea mlango. Foleni mbele ya gari lake ilikuwa imeanza kusonga.

"Boss, hiyo mashine inaswali?"

"Inazima."

"Yangu ikikataa kuzima naweka gia, naachilia klachi, inakufa. Hiyo haina gia?"

Mama hakucheka. "Kijana, digrii yako ni ya kuangalia ama ya kufanya?"

Nje, magari ya nyuma yalipiga honi. Utingo wa dereva alikuja kusema wanapitwa.

Hapo simu yangu ikalia mfukoni: ujumbe wa kunikaribisha Uganda. Simu za huku huvuka mpaka zenyewe, hata ukiwa umeketi. Nikaitazama modemu iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Wiki niliyoanza kazi tulikuwa tumeweka laini ya Uganda ndani yake, kama ofisi nyingi za jirani, kwa sababu mtandao wa ng'ambo ya mpaka una nguvu. Taa yake ilikuwa ikibadilika rangi, kijani, buluu, kijani. Ilikuwa ikihangaika kati ya nchi mbili, na programu yake ilikuwa haijakubali kufungwa.

Nikaichomoa. Kioo kikawa cheusi papo hapo.

Nilipoiwasha upya na kumaliza kuchapisha stakabadhi, lori lilikuwa limeshasukumwa pembeni na nafasi yake imechukuliwa. Dereva alizipokea bila utani. Mama akatoka naye kwenda kuomba warudishwe mbele, na hawakurudishwa. Aliporejea aliketi, akapanga kalamu zake.

"Kesho usikuje mpaka nikupigie."

Usiku kucha niliipima ile kauli. Angetaka kunifukuza, si angesema? Au ndivyo watu wanavyosema?

Asubuhi simu ikaita. Nilikuwa nimeshavaa, hata viatu.

"Neno la siri la kompyuta ni gani?"

Nikamtajia, herufi moja moja. Nyuma yake nilisikia kijana mwingine akizirudia huku akibonyeza.

"Mama, modemu mwambie aitoe kabla ya kuzima—"

"Imefunguka," alisema, akakata.