Nilimwambia Mtoto Kuwa Mama Aliyemlea Amebadilisha Laini

Admin, nifichie jina, maana Watanzania wa Maryland tunajuana mpaka rangi za mapazia. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, naishi Beltsville na mume wangu, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Tuna miaka kumi na sita ya ndoa na hatukujaliwa mtoto. Wale wa "vipi, bado tu?" kanisani walinichosha mpaka nikahamia ibada ya kwanza, yenye watu wachache.

Binamu wa kike wa mume wangu alifariki kule Morogoro akaacha binti mdogo. Ndugu kila mmoja alikuwa na sababu zake, hakuna aliyemchukua. Aliyemchukua ni jirani, muuza maandazi, nitamwita Mama Jeni. Sisi tulipoamua kumuasili yule mtoto, ilituchukua miaka minne. Ustawi wa jamii, mahakama, ubalozi, alama za vidole, mkaguzi anakuja kupima mpaka chumba atakacholala. Nilifunga na kuomba, nikasafiri mara mbili. Neema, si jina lake halisi, alitua hapa akiwa na miaka kumi na moja, ikabaki mahakama ya huku tu kuthibitisha. Pale uwanja wa ndege nilimkumbatia kwa nguvu. Akasema, "Shikamoo anti," halafu akauliza kama simu yangu ina bando ampigie mama.

Mama! Na mimi nimesimama pale na baluni na koti jipya la baridi.

Jamani nina wivu, niseme tu. Kila Jumamosi baada ya chai Neema alijifungia chumbani akiongea na Mama Jeni kwa simu ya video, saa nzima na zaidi. Nilikuwa nasikia kicheko mpaka jikoni, nikiingia anapunguza sauti. Nikimpikia pilau, "Asante anti, ni tamu sana." Heshima tele, kama mgeni aliyekuja kulala siku mbili. Nikimwambia njoo nikusuke, anasema atajibana mwenyewe. Mume wangu akawa ananiambia, "Mpe muda, mke wangu." Kwake rahisi, yeye ni mjomba wa damu.

Jumamosi moja nakunja nguo, simu yangu ikaita. Mama Jeni. "Mdogo wangu, mtoto amevunja ungo tangu jana. Anaona aibu kukuambia. Mnunulie pedi, na umpe maji ya moto aweke tumboni." Mtoto yuko chumba cha pili, tumetenganishwa na ukuta mmoja! Habari imevuka bahari mpaka Morogoro ndipo inanifikia mimi. Nilienda dukani, nikanunua pedi, nikakaa kwenye gari nikalia kwa hasira.

Jumatatu Neema alipokuwa shule nilimpigia Mama Jeni. Nikamwambia mshauri wa shule amesema simu zake zinamchanganya mtoto, kwa hiyo apumzike kwanza mpaka mahakama ya huku imalize. Uongo mtupu. Huyo mshauri hata jina langu halijui. Mama Jeni akasema, "Sawa mdogo wangu, wewe ndiye uliye naye. Ila ukimsuka anzia nyuma. Hapo utosini ana kovu, ukimvuta anaumia sana." Nikamshukuru, nikakata. Jioni nikachukua simu ya mtoto nikaibloku namba yake, na pale alipoihifadhi nikabadilisha tarakimu moja.

Jumamosi ikafika, Neema akapiga, akapiga, wapi. Nikamwambia, "Labda amebadilisha laini, watu wa kule wanabadilisha laini kila leo." Jumamosi tatu mfululizo mtoto analia. Dawa ya yale machozi ninayo mkononi, na mimi namkaangia chipsi.

Jumamosi ya nne akaja mwenyewe na kitana, akakaa chini katikati ya magoti yangu. Nikaanzia nyuma. Nilipofika utosini nikamshika taratibu. Akauliza, "Umejuaje?" Nikamjibu, "Mama anajua tu."

Tangu siku hiyo ananiita mama. Wapendwa, siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Niliingia bafuni nikafungulia maji nisisikike nikilia kwa furaha. Nilipojiangalia kwenye kioo nikajiona mwizi.

Sasa wiki ijayo tunaenda mahakamani kumaliza. Kwa umri wake, jaji atamuuliza mwenyewe kama anakubali tuwe wazazi wake. Juzi tukiwa kwenye gari akasema, "Mama, mimi nitasema ndiyo. Ila naogopa Mama Jeni atadhani nimemsahau." Mnaona? Zamani alikuwa anamwita mama tupu, sasa ni Mama Jeni. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulifurahi kabla haujaniuma.

Huyo Mama Jeni kila Jumapili ananitumia ujumbe kwenye simu yangu: "Mdogo wangu, mahakama bado? Mtoto anakula vizuri?" Hajawahi kulalamika hata mara moja. Afadhali angenitukana. Namjibu neno moja tu, "Bado."

Mume wangu hajui lolote. Akijua atamwambia mtoto siku hiyo hiyo, namfahamu. Na Neema akijua, anaweza kusimama mbele ya jaji akakataa, nikarudi kuwa anti, au nisiwe kitu kabisa. Nikinyamaza, atamkubali mwanamke aliyemwacha alie wiki tatu ilhali namba anayo.

Wa kunitukana nitukaneni, sitajibu. Lakini wewe uliyewahi kulea mtoto aliyekuja kwako akiwa tayari ana mama moyoni, nisaidie mwenzio. Nimwambie ukweli kabla hajaingia kwa jaji, au nimwache aseme ndiyo kwanza?