Mama Émérance Hakunyamaza

Siku Papa Bruno, shefu wa avenyu, mtaa wao wa Kasongo, alipokuja kumkataza kuimba, Mama Émérance alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa chakula cha mchana, na hakuuweka mchi chini.

"Mama, ninasema na wewe," alisema Papa Bruno. Alisimama penye kiingilio cha parseli ya nyumba yake, na nyuma yake askari polisi aliyeonekana kutamani kuwa mahali pengine.

"Nakusikia, Papa Shefu. Sombe ndiyo inatwangwa, masikio iko wazi."

"Watu wamechoka na nyinyi, wewe na watu wako wa maombi. Jioni ile mulizima taa, mukakaa chini, mukalia kwa wimbo, na hapa kwenu hakuna mutu aliyekufa. Wiki ile ile mutoto wa Yvette akakufa. Sasa watu wanauliza: mulikuwa munamulilia nani?"

Kwa neno hilo mchi ukasimama.

"Tulilia nyumba ya Mungu ya Yerusalemu," alisema Mama Émérance. "Ilichomwa zamani sana, mbele babu yako na babu yangu hawajazaliwa. Kila mwaka siku yake ikifika tunailia. Mwaka kesho tutailia tena."

"Hamutaimba tena. Si huo wa kulia, si mwingine wowote, mpaka mimi niseme."

"Basi utasema peke yako, Papa. Sisi tutakuwa tunaimba, hatutakusikia."

Askari akageuza uso kuficha kicheko. Papa Bruno hakucheka. Alimwonyesha kidole, akaondoka, na Mama Émérance akarudia kutwanga kwa nguvu kuliko ile sombe ilivyohitaji.

Waliomjua tangu usichana hawakushangaa. Alizaliwa Lusangi, kijiji cha upande wa Kabambare katika jimbo la Maniema, katika familia ya wakulima walioimba kwaya ya misheni kizazi baada ya kizazi, na yeye alikuwa na sauti nzito iliyowafanya watu wa benchi la mbele wageuke. Alipoolewa alimfuata mumewe Lubumbashi, na huko akapata kazi ya kusafisha sinagogi. Waumini walikuwa wamebaki wachache, wengi wao wazee, watoto wao wametawanyika Ulaya na kwingineko. Kazi yake ilikuwa kufagia na kupangusa mabenchi, lakini akajikuta anachelewesha ufagio makusudi ili amsikilize mwimbishaji.

Kilichomshangaza ni hiki. Kanisani kwao kila sikukuu ilikuwa na nyimbo zake. Hapa maneno ya sala yalikuwa yale yale wiki baada ya wiki, ila sauti ndiyo ilibadilika. Ijumaa jioni sala iliimbwa kwa furaha ya watu wanaompokea bibi arusi. Zilipokaribia siku za huzuni, katikati ya kiangazi, ile ile ikashuka, ikawa nzito kama wimbo wa matangani. Mwaka Mpya wa Kiyahudi ulipokaribia ikapanda tena, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Wakati wa Pasaka ilichangamka, na mezani wazee waliimba na wajukuu waliokuja likizo.

Siku moja alijitia moyo akamuuliza bibi mmoja wa pale, mwanamke mzee ambaye wazazi wake walitoka kisiwa cha mbali upande wa Wagiriki.

"Mama, sala ni ile ile. Mbona leo mumeivalisha nguo nyingine?"

Yule bibi akacheka. "Watu wengine kalenda yao iko ukutani, Émérance. Yetu iko kooni."

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wake. Alijifunza Kiebrania kwa sikio, mstari kwa mstari, huku anakunja vitambaa vya meza. Alijifunza kwamba siku ya Sabato ngoma hazipigwi, ni koo tu na viganja. Alijifunza pia nyimbo ndogo za Kihispania cha zamani ambazo bibi alizirithi kwa mama yake. Mumewe alipofariki, alirudi Maniema na Sabato yake na nyimbo zake. Hakurudi na cheti cha rabi yeyote, na hakudai kuwa nacho.

Lusangi, familia chache zilimfuata, na ya kwanza ilikuwa ya binamu yake Gédéon, aliyeimba naye kwaya utotoni. Wakajenga nyumba ya maombi ya udongo na nyasi. Kisha vita vya watu wa dhahabu vikapanda kutoka machimbo ya upande wa Salamabila, na nyumba ile ikachomwa pamoja na nyumba zao za kulala. Walikimbilia Kasongo, wengine kwa miguu, wengine wakisukuma kinga, baiskeli zilizobeba magodoro. Huko, nyuma ya nyumba yake mpya, Mama Émérance akasimamisha nyumba ya maombi nyingine ya matofali mabichi, na juu mabati.

"Wayahudi gani hawa wa Lusangi?" watu waliuliza sokoni.

"Ukikutana na Mungu, umuulize," alijibu. "Mimi alinielewa kwa Kizimba cha kwetu, sasa ananielewa kwa Kiebrania."

Jioni ya siku ile shefu aliyokuja, watu wake walikusanyika wakiwa na hofu. Gédéon, ambaye ndiye aliyesoma kitabu cha Torati na kupuliza pembe ya kondoo, alizungumza kwa niaba yao.

"Dada, tuimbe kwa chini chini. Hata kimoyomoyo Mungu anasikia. Wakituchomea tena tutaenda wapi?"

"Kule Lusangi tuliimba kwa sauti ama kwa chini?"

"Kwa sauti."

"Walituchoma juu ya kuimba?"

"Hapana. Juu ya dhahabu."

"Basi. Mwenye kutaka kuchoma hakosi sababu. Mimi sitamupunguzia sababu kwa kujikaba koo mwenyewe."

Familia mbili hazikurudi tena baada ya jioni hiyo. Mama Émérance hakuwasema vibaya, wala hakuwafuata kuwabembeleza.

Lililomkosesha usingizi lilikuwa jambo jingine: yule mama aliyefiwa. Asubuhi alijifunga kikwembe cheusi akatoka. Jirani yake wa ng'ambo ya njia, Mama Subira, mwanamke wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa Kasongo, alimwona na akajua anakokwenda.

"Usiende, dada yangu. Watakupiga."

"Wakinipiga, watanipiga nikiwa nimekaa chini pamoja na wafiwa. Hapo ndipo mahali pangu."

Mama Subira akafyonya, akachukua mtandio wake, akamfuata.

Walipoingia kwa Yvette, wanawake waliokaa naye waligeuka kuwatazama. Mama Émérance alikaa chini kwenye vumbi, si kwenye mkeka. Yvette alikuwa kijana, macho yamevimba, kifua bado kimelowa maziwa.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" Yvette aliuliza.

"Nimekuja kukupa pole, mwanangu."

"Mulimuimbia mwanangu wimbo wa kufa."

Mama Émérance angeweza kusema kwamba watauacha wimbo ule. Wanawake waliomzunguka walingoja aseme hivyo, na labda wangemwacha aende kwa amani. Lakini aliona kwamba kumdanganya mama aliyefiwa ni kumwibia mara ya pili.

"Sikumuimbia mwanao," alisema. "Sikujua hata kama anaumwa. Ningejua ningekuja na maji na kitambaa. Wimbo ule ni wa nyumba iliyochomwa, na nikiuimba ninaona na yangu ya Lusangi inavyowaka. Sitaukana mbele yako. Nikiukana, utafikiri kweli nilifanya kitu."

Yvette aliinuka na kumpiga kofi. Mama Subira akaruka katikati, wengine wakapiga kelele, na Mama Émérance akatoka, shavu linawaka.

Mwezi wa maombi ya kujiandaa kwa Mwaka Mpya ukaingia. Ni mwezi ambao Wayahudi wa upande wa yule bibi wa Lubumbashi huamka alfajiri na kuimba nyimbo za kuomba rehema. Mama Émérance na watu wake waliokuwa wamebaki waliamka kila alfajiri, siku nyingine kabla ya adhana ya msikiti, siku nyingine baada yake, na baada ya nyimbo Gédéon alipuliza pembe. Sauti ya pembe ilikuwa ya kukwaruza, fupi, isiyopendeza. Mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati. Jiwe likianguka, Mama Émérance alipandisha sauti. Yakianguka mengi, alirudia ubeti kutoka mwanzo.

"Wanatupigia ngoma," aliwaambia watu wake. "Msipoteze mapigo."

Ijumaa moja mchana polisi walikuja kumchukua. Kosa lililotajwa lilikuwa kusumbua raia. Walimweka kwenye kasho, chumba kimoja chenye dirisha dogo lenye nondo, pamoja na Musafiri, dereva wa taksi ya pikipiki aliyegombana na mtu wa barabarani. Gédéon alikuja na chakula, akalia nje ya ukuta.

"Dada, omba radhi tu, watakufungua mbele Sabato haijaingia."

"Itaingia hata humu. Nenda uwaimbishe watu. Usianze chini sana, utashindwa huko mbele."

Jua lilipoegemea magharibi, aliosha uso kwa maji ya kunywa, akakaza kitambaa kichwani na kuanza. Aliimba zaburi, kisha ule wimbo wa kuipokea Sabato kama bibi arusi, kwa sauti ya furaha, kwa maana hata katika mwezi wa kuomba radhi Sabato haipokewi kwa machozi. Polisi aliyekuwa nje aligonga mlango kwa rungu.

"Mama, nyamaza! Uko mu kasho!"

"Nimeona. Wewe ndiye ulifunga."

Musafiri akaangua kicheko. Mama Émérance alipofika ubeti wa mwisho, aligeuka mzima mzima, akauelekea mlango uliofungwa na kuinama.

"Unamuinamia nani?" Musafiri aliuliza.

"Bibi arusi anaingia. Ubeti huu kila mutu anageukia mlango na kumupokea."

"Huu mlango hauingii mutu bila ruhusa ya komanda."

"Huyu haombi komanda."

Musafiri naye akasimama. Hakujua neno hata moja, lakini ubeti uliporudiwa alishika sauti ya chini, nzuri, sauti ya mtu aliyewahi kuimba mahali fulani. Rungu halikugonga tena.

Jumapili baada ya misa watu wa avenyu waliitwa kwenye uwanja mbele ya nyumba ya shefu, na Mama Émérance akaletwa. Papa Bruno alieleza habari ya kulia jioni, habari ya pembe, habari ya mtoto. Watu walinung'unika, na mmoja akasema wachawi warudi Kabambare. Mama Subira akainuka kusema kwamba tangu utoto wake anasikia watu wakimwimbia Mungu usiku na mchana mjini humu, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Wakamwambia akae.

Hapo Yvette akasimama. Hakumtazama Mama Émérance.

"Mwanangu aliuawa na homa," alisema. "Nilimubeba mpaka kituo cha santé, dawa ilikuwa imeisha. Nyinyi wote munajua dawa ilikuwa imeisha. Hakuna aliyeita mukutano siku ile. Huyu mama mimi simupendi, na wimbo wake siupendi. Lakini jina la mwanangu mulitoe mu kinywa chenu. Mutu asimutumie."

Akaketi. Papa Bruno akaanza kutafuta njia ya kutoka.

"Vizuri," alisema mwishowe. "Mama Émérance, muimbe. Pembe pia, sawa. Lakini ule wa kulia muuache. Tukubaliane hivyo tumalize."

Gédéon alimtazama binamu yake kwa macho ya kumsihi. Ulikuwa mpango mzuri. Mtu mwingine angeupokea kwa mikono miwili.

"Hapana, Papa Shefu," alisema Mama Émérance. "Mwaka ni mmoja, haukatwi. Nikiondoa siku ya kulia, siku ya kucheza nitacheza nini? Nyumba yangu ilichomwa na sikuwa na mahali pa kuililia ila pale. Utanifunga tena mwaka kesho ukitaka. Nitaimba humo, nimeona kuna mwangwi mzuri."

Safari hii waliocheka walikuwa wengi, na askari hakuficha. Papa Bruno alitikisa mkono kama anayefukuza nzi, akaingia ndani kwake. Hakusema ndiyo, na tangu siku hiyo hakutuma polisi.

Mwaka Mpya ulipita, ikapita Siku ya Upatanisho, ambayo walifunga na kuimba mpaka koo zikakauka. Kwa sikukuu ya vibanda wakakaa kwenye vibanda vya matawi ambavyo mvua za kwanza zilivilowesha mpaka chini. Kisha ikaja siku ya kuifurahia Torati. Hawakuwa na gombo la ngozi, kwa hiyo walikifunga kitabu chao kwa kikwembe kipya na kuzunguka nacho. Nyumba ya maombi ilikuwa ndogo mno kwa miguu yao, na Mama Émérance akawatoa barabarani kwa viganja na vigelegele. Mama Subira alipiga makofi kutoka kibarazani kwake. Familia moja kati ya zile zilizoondoka ilisimama kando, kisha ikaingia katikati bila mtu kuuliza kitu. Yvette alipita na beseni la maji kichwani, akapunguza mwendo kidogo na kuendelea na njia yake.

Mvua ilishuka ghafla. Watu walitaka kukimbilia ndani.

"Wapi?" Mama Émérance aliwapigia kelele, kikwembe kimemganda mwilini. "Wimbo haujaisha!"

Wakabaki, wakazunguka tena na kitabu chao, wakiimba.